Sultani Aliyekataa Kuitika

Hapo zamani, katika mji wa Mwandawe, alikuwako mfalme aliyejiita Sultani Zubeiri wa Pili, ijapokuwa hapakuwahi kuwako Zubeiri wa Kwanza. Wageni walipomwuliza kwa heshima habari za huyo wa kwanza, alikuwa akijibu, "Nimemwachia nafasi yake," na mazungumzo yakaisha hapo.

Sultani huyu hakuwa katili, wala hakuwa mlevi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuvumilia jirani. Msafiri fulani alimsimulia kwamba katika nchi ya mbali yuko mfalme ambaye, akisimama barazani pake akatazama huku na huku, haoni ukuta wala ua wa mtu mwingine. Tangu siku ile Sultani Zubeiri akawa hana raha. Jirani akikohoa, yeye huweka tonge chini. Jirani akitwanga, yeye hujitia pamba masikioni. Basi akaazimia kununua ardhi yote iliyopakana naye, kisha ile iliyopakana na hiyo aliyoinunua, na kuendelea hivyo mpaka asibaki mtu wa kupakana naye.

Kazi hiyo alimkabidhi wakili wake, Bwana Jaafari bin Hemedi, mtu mwembamba mwenye maneno laini kama samli. Na Bwana Jaafari alinunua kama mtu anayekimbizwa. Alinunua nyumba kwa mpwa wa mwenye nyumba, naye mwenyewe yuko safarini Hija. Alinunua shamba kwa ndugu mmoja wa kiume, na dada zake wakapata habari siku walipokwenda kuangua nazi wakakuta askari. Mtu mwingine alimlipa thamani ya ardhi bila minazi, kisha akatwaa na minazi. Na yule mtu alipolalamika, akaambiwa kwa upole aje aing'oe, aondoke nayo.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu Bwana Jaafari hakuwahi hata siku moja kuita mpaka.

Ada ya Mwandawe tangu enzi za mababu ilikuwa hivi. Kiwanja kikiuzwa, au kikiwa na ugomvi, Kadhi hutoka akaenda hapo kiwanjani mchana kweupe. Mwenye kiwanja husimama ukingoni akaita, "Mwenye mpaka, uko?" Na jirani wa upande ule, kwa kinywa chake mwenyewe wala si kwa kinywa cha wakili, huitika, "Lebeka! Mpaka wangu ni hapa." Kisha hutia kiganja juu ya kigingi cha mti wa mbono, nao wakakichimbia pamoja. Hufanywa hivyo pande zote nne. Ikiwa mwito wa tatu haukuitikwa, mwenye kuita husonga mbele akaita tena, naye huendelea kusonga na kuita mpaka aitikiwe. Na pale aitikiwapo ndipo penye mpaka. Wazee waliiweka ada hiyo ili mtu asiuze kisicho chake, wala jirani asijifiche leo akaja kudai kesho. Vigingi vikisha kusimama, huliwa bokoboko, ule uji mzito wa ngano na nyama.

Sultani Zubeiri hakupata kuhudhuria mwito wowote. Neno lililomkera ni hilo lebeka. Ndilo neno ambalo mtoto humwitikia mama yake, na mtumishi bwana wake, na Sultani aliona ni afadhali kula jiwe kuliko kumwitikia hivyo mwuza mkaa au fundi wa viatu. Kadhi wa mji, Kadhi Nuru bin Sefu, aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa mzee mpole aliyetamani kufa kitandani pake, akanyamaza.

Ikawa Sultani amenunua, amenunua, hata ardhi yote ya mtaa ule ikawa yake, isipokuwa kiwanja kimoja kilichobaki katikati kama tundu kwenye mkeka mpya.

Kiwanja hicho kilikuwa cha Machano bin Vuai bin Pandu. Watu walimwita Machano Kijiko, kwa kuwa daima alitembea na kijiko cha mti kiunoni, asije akapitwa na karamu kwa kukosa chombo. Lakini Machano ndilo jina alilopewa, na ndilo litakalotumika hapa. Hakuwa na kazi ijulikanayo. Mji mzima ulikubaliana kwamba ni mpumbavu. Paa la nyumba yake lilipovuja, hakupanda juu kuliziba. Alichimba matundu sakafuni ili maji yasichelewe kuondoka. Lakini hapakuwa na harusi, wala hitima, wala mwito wa mpaka uliopata kufanyika Mwandawe bila Machano kuwapo tangu mwanzo hadi sufuria ikafutwa kwa kidole. Wengine wote walikuja kwa ajili ya mipaka wakala bokoboko. Machano alikuja kwa ajili ya bokoboko, na huku akilisubiri alisikiliza habari za mipaka.

Asubuhi moja mkewe, Mize binti Shomari, alitoka na kifuu mkononi kwenda kuomba kaa la moto. Alirudi na kifuu kitupu, akaketi kizingitini.

"Nimesahau tena," akasema. "Nimepiga hodi kwa Bi Msimu mpaka paka akanionea haya."

"Paka wa nani?" akauliza Machano.

"Si wa mtu. Wameondoka, na yeye wamemwacha. Kusini hakuna mtu, mashariki hakuna mtu. Jana niliungua mkono nikapiga kelele, Machano, kelele ya kuamsha maiti. Nani aliyekuja?"

"Nilikuja mimi."

"Ulikuja kutazama kama chakula kimemwagika."

Ilikuwa kweli. Machano alitazama pande zote nne, akaona ua mtupu, na ua mtupu, na ua mtupu, na kwa mbali upande wa kibla, kaskazini, nyuma ya bustani, jumba la Sultani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijisikia hana njaa, jambo hilo likamtia hofu.

Siku ile ile Bwana Jaafari akaja, akasimama kwa ncha za viatu asichafuke.

"Bwana Machano, nimekuletea bahati. Sultani anataka kukununulia kibanda hiki."

"Ahsante, bwana wangu. Nikiisha kukiuza, nitalala wapi?"

"Utakuwa na fedha."

"Nimepata kulala juu ya mchanga, na juu ya magunia, na chini ya kitanda. Juu ya fedha sijapata. Hazitoboi mbavu?"

"Utanunua kwingine, ewe mtu!"

"Kwingine kuna majirani?"

"Wapo tele."

"Basi nikija huko, Sultani naye si atanifuata kuwanunua? Ni heri nikae hapa, nimpunguzie safari."

Bwana Jaafari akaona anapoteza siku yake. Akaenda kwa Sultani akamweleza, na Sultani akacheka kwa kiburi, akasema, "Asiyetaka kuuza atanyang'anywa, tena kwa sheria." Basi akaamuru Machano aletwe barazani.

Siku ya pili Machano akaletwa, na kijiko chake kiunoni. Sultani alikuwa ameketi kwenye kiti chake kirefu, Kadhi Nuru akiwa kulia kwake na Bwana Jaafari kushoto kwake, na kwenye pembe ya ukumbi akining'inia kasuku wa kijivu katika tundu la shaba.

"Ewe Machano," akasema Sultani, "tumetoa amri mpya. Kila mwenye kiwanja sharti ahakikishe kwa mwito wa mpaka kwamba kiwanja ni chake. Ambaye mwito wake hautaitikwa na jirani hata mmoja, kiwanja chake kitaingia katika mali ya Sultani. Wewe utaita siku ya Jumamosi. Umesikia?"

"Nimesikia, Maulana. Tena nimefurahi. Bokoboko litapikwa na nani?"

"Hapatakuwa na bokoboko!"

Machano akahuzunika waziwazi. Kisha akauliza, "Maulana, jirani yangu wa kibla ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wa kusini?"

"Ni mimi."

"Wa mashariki je, na wa magharibi?"

"Ni mimi na mimi."

"Alhamdulillahi, nina majirani wa heshima. Nao wataitika?"

Sultani akainama mbele, akasema polepole kama mtu aonjaye tende, "Hata mmoja wao hataitika. Mimi sisemi lebeka kwa kiumbe yeyote, sembuse wewe. Wala hataitika mtu kwa niaba yangu. Utaita mpaka koo likauke, kisha utabeba kijiko chako uende zako."

Machano akakuna kichwa kwa kijiko. Mbele ya macho yake alimwona Mize kizingitini na kile kifuu kitupu. Lakini uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, uso wa mtu anayejaribu kukumbuka jina la samaki.

"Maulana," akasema, "mimi ni mtu mwenye bahati mbaya. Nachelea nikiita atatokea mpishi wako mmoja, au mtunza bustani, akaropoka lebeka kwa mazoea, amri yako ikaharibika. Kwa nini usitoe amri kwa mbiu, kwamba siku hiyo asifungue kinywa mtu yeyote aliye juu ya ardhi yako, tangu nianzapo kuita hata nitakaponyamaza?"

Sultani akacheka hata kilemba kikapinda. "Mmeona? Mpumbavu huyu anajichimbia shimo, na jembe ananiomba mimi! Basi na iwe hivyo. Asifungue kinywa mtu, ila Kadhi na Machano. Atakayefungua, jela."

Bwana Jaafari, aliyekuwa amesoma kidogo habari za ada, akanong'ona, "Maulana, pengine tungetafakari kwanza—"

"Umesikia amri, Jaafari. Wewe nawe unakaa juu ya ardhi yangu."

Ikapigwa mbiu ya pembe mji mzima. Machano akarudi kwake, akamwambia mkewe, "Mize, twaa kapu kubwa, na Jumamosi uvae viatu."

"Tunahama?" akauliza Mize.

"La. Tunakwenda kutazama ukubwa wa kiwanja chetu."

Siku ya Jumamosi, jua lilipopanda, watu wa Mwandawe walifurika pale uani kwa Machano, wakiwamo wote waliohamishwa. Kadhi Nuru alikuja na fungu la vigingi vya mbono. Machano akaenda ukingoni upande wa kibla, akaweka mikono kinywani, akaita:

"Mwenye mpaka, uko?"

Kimya. Kwenye bustani ya Sultani watunza bustani walikuwa wamesimama safu, vinywa wamevifumba kama wenye majino mabovu.

Akaita mara ya pili, kimya. Akaita mara ya tatu, na Mize akafumba macho.

"Kadhi wangu," akasema Machano, "sijaitikiwa. Ada inasemaje?"

Kadhi Nuru akalitazama jumba la Sultani, akakitazama kiwanja, akavitazama vigingi mkononi mwake. Akaona ghafla yatakayokuwa. Akakohoa.

"Ada inasema, asipoitikiwa, asonge mbele."

Basi Machano akasonga mbele. Akaingia bustanini akaita, asiitikiwe, akasonga. Akapita kwenye michungwa na mistafeli, akiita kwa adabu kila baada ya mwendo kidogo, na Kadhi nyuma yake, na Mize na kapu, na nyuma ya Mize mji wote, kimya kama watu waendao kuzika. Mtunza bustani mkubwa alimwona mtoto akichuma chungwa, akapanua kinywa amkemee, akakumbuka jela, akajitia ngumi kinywani.

Wakafika mlangoni pa jumba. Askari wawili wakavuka mikuki yao.

"Kadhi wangu," akauliza Machano, "mtu akinizuia kwa mkuki, kuzuia huko ni kuitika?"

Kadhi akafikiri. "Kuzuia ni kusema mpaka ni hapa. Naam, ni kuitika."

Wale askari walipolisikia hilo, mmoja akaruka kulia na mmoja kushoto, mikuki ikaanguka chini, na mlango ukabaki wazi.

Wakaingia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa akikoroga chungu cha pilau. Machano akainama juu ya chungu akaita ndani yake kwa upole, "Mwenye mpaka, uko?" Mpishi akaziba mdomo kwa upawa. Machano akachomoa kijiko chake, akasubiri muda wa haki, akaonja, akatikisa kichwa kusikitikia chumvi, akasonga. Mize naye, ambaye hakuruhusiwa kusema, alikuwa akionyesha kwa kidole tu: sufuria ile, na ile, na ile ya mfuniko.

Hatimaye wakaingia ukumbini. Sultani Zubeiri wa Pili alikuwa ameketi kwenye kiti chake, midomo ameibana. Alikuwa amesikia mwito ukikaribia, na akilini mwake alikuwa akicheka: ona, mpumbavu anazidi kukaukiwa na koo. Bwana Jaafari, kando yake, alikuwa akirusha mikono, akionyesha ardhi, kisha paa, kisha shingo yake mwenyewe. Sultani akadhani anasumbuliwa na nzi, akamwazima pepeo.

Machano akapiga magoti, akainuka, akaita mbele ya uso wa Sultani, "Mwenye mpaka, uko?"

"Lebeka!" ikaitika sauti.

Watu wote wakageuka. Alikuwa kasuku.

Kadhi Nuru akamtazama kasuku kwa muda mrefu. "Kasuku hamiliki ardhi," akahukumu. "Mwito haujaitikwa. Lakini amri amevunja." Na askari mmoja, kwa kuwa amri ni amri, akalitungua tundu akaenda nalo jela.

Machano akaita tena, akaita na mara ya tatu. Sultani akabana midomo hata mashavu yakavimba.

"Hayupo," akasema Machano kwa huzuni. "Niwie radhi, Maulana, nisogezee miguu nipite."

Na Sultani, kwa mazoea ya mtu aliyefagiliwa chini ya miguu tangu utoto, akainua miguu. Machano akapita.

Msafara mzima ukapita nyuma ya kiti. Sultani akashangaa wanakwenda wapi. Akainuka akawafuata, na katika nyumba yake mwenyewe akawa wa mwisho kwenye safu, kama mgeni aliyechelewa. Aliwaona wakiingia katika chumba chake cha kulala. Alimwona Machano akiinua chandarua na kuita ndani ya kitanda. Alimwona Mize akiujaribu mto kwa kiganja, akiridhika. Wakatokea uani, na huko uani hapakuwa na kitu tena isipokuwa choo cha Sultani, kijumba cheupe chenye mlango wa mninga, na nyuma yake mwamba na maji.

Hapo Kadhi Nuru akasema kwa sauti, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe: "Mpaka huwa pale mwito uitikwapo. Tangu kibanda cha Machano mpaka hapa, hakuna aliyeitika. Kwa hiyo bustani ni ya Machano, na jiko ni la Machano, na ukumbi, na chumba cha kulala. Kikisha kupitwa choo hiki, basi upande huu Sultani atakuwa hana jirani tena, kwa kuwa hatakuwa na mahali pa kupakana."

Hapo ndipo Sultani alipoelewa. Machano alikuwa ameshika komeo la choo.

"Mwenye mpaka," akaita, "uko? Mwenye mpaka, uko?" Akavuta pumzi kwa mwito wa tatu.

"Lebeka!" akapiga ukelele Sultani Zubeiri wa Pili. Akawasukuma watu, akapenya, akaukumbatia mlango wa choo kwa mikono miwili. "Lebeka! Lebeka! Mpaka wangu ni hapa!"

"Hapa?" akauliza Kadhi.

"Hapa hapa!"

"Weka kiganja, Maulana." Na Sultani akaweka kiganja juu ya kigingi, na kigingi kikachimbiwa mbele ya mlango wa choo. "Upande wa kibla umekwisha," akasema Kadhi Nuru. "Sultani amebaki na choo. Sasa upande wa kusini."

Sultani akasimama amepigwa na bumbuwazi, na Machano alikwisha ondoka. Kisha kwa mbali, huko kibandani, ikasikika sauti: "Mwenye mpakaaa, ukooo?" Kusini mwa kibanda kulikuwa na viwanja vya Bi Msimu na wengineo, na mbele yake soko, na mbele ya soko hazina ya Sultani. Sultani akakusanya kanzu yake magotini akakimbia. Alikimbia kupita kitandani pake, kupita kiti chake, kupita pilau, akipiga kelele njia nzima, "Lebeka! Nakuja! Lebeka!" akafika kusini mwa kibanda kabla ya mwito wa tatu, akajitupa juu ya kigingi. Hajapata pumzi, mwito ukatoka mashariki. Akazunguka mbio. Kilemba kikabaki kwenye ua wa michongoma. Mwito ukatoka magharibi. Akaenda kwa magoti, kiganja amekitanguliza.

Watu walikuwa bado wamefungwa na amri, wasiweze kucheka. Wakacheka kwa mabega. Mtu mmoja mnene, ambaye shamba lake kaka yake alikuwa ameliuza, alicheka hivyo hata akazimia, wakammwagia maji bila neno.

Kigingi cha mwisho kilipochimbiwa, Machano akanyamaza, na amri ikaisha. Basi kicheko kilichotoka hapo kiliwarusha njiwa wa mji mzima. Sultani alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye ukuta wa kibanda. Mize akamletea maji katika kata. Akanywa yote.

"Machano," akasema alipoweza, "nirudishie nyumba yangu."

"Maulana, mimi siitaki. Paa lake halivuji. Nitajuaje kama mvua inanyesha? Nitakuuzia."

"Sema thamani. Dhahabu? Majahazi?"

Machano akageuka akamtazama mkewe. Mize alikuwa amesimama ukingoni, anatazama uwanja wa Bi Msimu, na Bi Msimu mwenyewe, mama mfupi mwenye kanga iliyochakaa, alikuwa katika umati, anautazama mlango wake wa zamani kama mtu anayetazama chakula cha mwingine.

"Mke wangu aliungua mkono," akasema Machano, "akapiga kelele, asiitikiwe. Leo nami nimeita nyumba nzima ya mfalme, asiniitikie ila kasuku. Mimi nataka watu wa kuitika, Maulana. Kila kiwanja alichokinunua Bwana Jaafari bila kuita mpaka, kirudi kwa mwenyewe, na minazi yake. Hiyo ndiyo thamani. Ukikubali, chukua jumba lako."

"Vyote? Na majirani warudi hapa hapa, wakohoe, na watwange?"

"Nitawaomba watwange taratibu."

Sultani akatazama vigingi. Akatazama mikono yake, iliyojaa udongo. Halafu akazikumbuka zile mbio, na kasuku akienda jela, na Machano akiita ndani ya kitanda, na kicheko kikamtoka bila idhini yake, kwanza kama kwikwi, kisha kama mtu anayepaliwa. Akacheka mpaka akalala chali.

"Nimekubali," akasema. "Ila Jaafari ndiye atakayechimbia vigingi vyote, kwa mikono yake, na mbele ya kila jirani."

Ikafanywa hivyo. Bwana Jaafari alichimbia vigingi hata malengelenge yakamtoka, na kila kigingi kilipochimbiwa pakaliwa bokoboko kwa gharama ya Sultani, na Machano hakukosa hata moja. Kasuku akafunguliwa. Na tangu siku zile watu wa Mwandawe hawakutoa fedha ya kiwanja kabla ya kumsikia kila jirani akiitika kwa kinywa chake, hata kama muuzaji ni ndugu, hata kama muuzaji ni Sultani.

Kuhusu Sultani mwenyewe, inasemwa aliona raha kuitikiwa, akazoea kuja kwa Machano jioni jioni bila askari. Jioni moja alisimama ukingoni penye kigingi chake, akasikia harufu ya samaki wa kupaka, akaita kwa adabu, "Mwenye mpaka, uko?"

Machano alikuwa ameketi mkekani, kinywa kimejaa, hakuweza kujibu. Sultani akasonga mbele, akaita tena. Akasonga hadi kizingitini. Akaita mara nyingine, macho yake yakiwa sahanini, akavua viatu, akainua mguu kuukanyaga mkeka.

Machano akameza kwa nguvu, akaifunika sahani kwa mikono yote miwili.

"Lebeka!" akapiga kelele. "Mpaka wangu ni hapa!"

Na Sultani akaketi pale pale upande wake wa sahani, Mize akamletea kijiko. Hekaya hii nayo imeitikiwa, na mpaka wake ni hapa.